Mguu wa Kulia

Wiki tatu sasa mlango wa sauna yetu
umebandikwa picha ya vitufe na saa, ukubwa wa kweli,
kona moja imejikunja kwa mvuke.
Taisto analalamika: hata kuoga
lazima upite katikati ya ndege.
Lakini ni yeye anayeketi kulia kwangu, kiti cha jikoni,
miwani puani, kijiko cha uji mkononi,
akisoma orodha kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya umeme:
"Moto, injini ya kushoto."
Nami nagusa hewa. Kishikio, nyuma. Swichi, zima.
"Hukuthibitisha," anasema. "Na umegusa ya kulia."
Nilikuwa nimegusa friji.

Mwezi wa tano nilianguka.
Ndege ilikuwa ya kuigiza; kuanguka kulikuwa kwangu,
kumeandikwa, kumepigwa muhuri.
Injini ilikufa pale pale gurudumu la pua lilipoacha lami,
nikakanyaga kushoto.
Kushoto!
Miaka ishirini na sita ya leseni,
na mguu ukajibu kabla ya kichwa kuulizwa.
Ardhi ikaja, kijani, bila harufu,
kisha skrini zikaganda,
na mtahini akasema taratibu, "Twende tukanywe kahawa."
Kahawa ile bado iko kooni.

Leo, saa kumi na moja alfajiri, Tuusula,
nakwangua barafu kwenye kioo cha gari
kwa kadi ya maktaba,
midomo ikinong'ona: mguu uliolegea
ndio ulio upande wa maiti.
Jirani na mbwa wake wakavuka barabara.

Mashine inatungoja ukumbini Vantaa, juu ya miguu sita ya chuma,
kama mdudu mkubwa aliyekatazwa kuondoka.
Kidaraja kinanyanyuka nyuma yetu.
Bi Saarelainen anafunga mkanda, anajaribu kalamu kwenye kiganja.
Kulia kwangu Joonatan, mdogo kuliko leseni yangu,
amenyoa vibaya, kidevu kina damu kidogo.
Mvua ya theluji. Mawingu, futi mia mbili.

"Themanini," anasema Joonatan.
"Mia."
"Amua."
Neno hilo ni kizingiti: kabla yake unaweza kusimama,
ukishalivuka ni kwenda tu.
Nikaondoa mkono kwenye mitambo ya nguvu.
Pua ikainuka,
na puu.

Ikavutwa kushoto kama mbwa aliyenusa sungura.
Mguu wa kulia ukaenda.
Ukaenda wenyewe, ukakaa, ukatetemeka, ukakaa.
Hadi futi mia nne hatugusi kitu;
mahali fulani Taisto alikuwa akihesabu kwa kijiko.
"Moto, injini ya kushoto," akasema Joonatan,
sauti imepasuka katikati,
nami nikasikia bili ya umeme
nikatabasamu gizani.
"Kushoto. Thibitisha."
"Kushoto. Nathibitisha."

Saa nne. Moshi. Magurudumu yasiyotaka kushuka.
Mara mbili tulikaribia lami kwa injini moja,
mara moja tukaikana tukapanda tena,
shati limenigandia mgongoni,
na hatukusogea hata hatua moja kutoka ukumbini.

"Umefaulu," akasema Bi Saarelainen, akitia sahihi.
"Ila mkono wako wa kushoto unaukaba usukani.
Hautatoroka."

Garini, kabla ya kuwasha,
mguu wa kulia ukaanza kutetemeka upya.
Nikauacha umalize.
Juu ya maegesho ndege ya kweli ikapanda kuelekea Oulu,
nikajikuta nahesabu: moja, mbili.
Simu ikalia. Oiva, mwanangu, neno moja:
Umeanguka?
Hapana, nikaandika. Mwambie baba abandue ile picha mlangoni.
Jibu likaja la Taisto mwenyewe, nukta kila mahali, kama kawaida yake:
Iache. Mwezi. Wa tano. Si mbali.